Hayakawa na Penseli Yake

Ndugu msomaji, toa kikokotoo chako mkobani ukitazame. Kama kimeandikwa Sharp, jina hilo lilitokana na penseli, na aliyeibuni ni Tokuji Hayakawa wa Japani.

Alizaliwa Tokyo tarehe 3 Novemba 1893. Kabla hajatimiza miaka miwili alipewa jamaa nyingine imlee. Mama mlezi akafariki, na mke aliyeletwa baadaye alikuwa mkali ajabu. Chakula kilikuwa kwa kipimo, kazi bila kipimo. Usiku mtoto alikesha akigundisha visanduku vya viberiti hali wenzake wamelala fofofo. Shule aliiacha darasa la pili. Na sisi tunalalamika kuhusu hesabu za jioni!

Jirani mmoja asiyeona, Mama Inoue, alimwonea huruma. Akamtafutia nafasi kwa fundi wa vyuma, akampeleka yeye mwenyewe akimshika mkono. Hebu fikiria, kipofu ndiye aliyemwongoza mwenye macho. Mkono ule Hayakawa hakuusahau hata uzeeni.

Kazi aliijua barabara. Mwaka 1912 alibuni kifungo cha mshipi usiotobolewa matundu, akafungua karakana yake. Mwaka 1915 akatoa penseli ya chuma. Hiyo huichongi, unazungusha tu risasi inatoka. Wenye maduka waliikataa, eti ni baridi mkononi na haipendezi na kimono. Lakini watu wa ng'ambo walipoanza kuiagiza, hata kwao ikawa tamu ghafla! Iliitwa Ever-Ready Sharp.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi likaikumba Tokyo, na moto ukafuata. Waliokufa walizidi 100,000. Karakana iliteketea. Mkewe na wanawe wawili pia aliwapoteza katika janga hilo. Majivu hayajapoa, kampuni iliyokuwa ikimuuzia penseli ikaja kudai deni lake. Hakuwa na pesa, basi akaikabidhi biashara nzima pamoja na haki za uvumbuzi wake. Akahamia Osaka bila mke, bila mtoto, bila penseli.

Hapo wengi wetu tungekata tamaa. Yeye mwaka 1924 alifungua karakana nyingine. Umeme hakuujua hata kidogo, lakini alipata redio iliyotoka Marekani, akaifungua, akachunguza kila kipande, kisha akaunda yake. Mwaka 1925 matangazo yalipoanza Japani, redio zake zilikuwa tayari. Akazipa jina la Sharp, lile la penseli iliyomponyoka. Televisheni zikafuata mwaka 1953, na mwaka 1964 kikokotoo cha mezani cha kilo 25 (kibebe basi uje nacho shuleni!). Mwaka 1970 kampuni yote ikaitwa Sharp.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1944, alianzisha karakana ya wafanyakazi wasioona. Nadhani msomaji umekwisha kujua alikuwa akimkumbuka nani.

Hayakawa alifariki tarehe 24 Juni 1980, akiwa na miaka 86. Miaka 20 baadaye, Novemba 2000, Japani iliuza simu ya mkononi yenye kamera mgongoni, unapiga picha na kumtumia mwenzako papo hapo. Iliitwa J-SH04. Hizo herufi SH ni za Sharp.