Profesa Smith: Mvuvi wa ndoana aliyemsaka silikanti kupitia Unguja

MAZUNGUMZO mafupi yaliyofanyika Unguja mwaka 1952, kati ya nahodha wa jahazi la biashara na mke wa profesa mmoja, ndiyo yaliyohitimisha msako wa miaka 14 wa samaki ambaye wanasayansi waliamini alikwisha kutoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Profesa huyo ni James Leonard Brierley Smith wa Afrika Kusini, aliyejulikana zaidi kama J.L.B. Smith. Vitabu humtaja kuwa bingwa wa elimu ya samaki, lakini kabla ya ubingwa huo alikuwa mvuvi wa ndoana, na ndoana ndiyo iliyomfikisha huko.

Alizaliwa Septemba 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, ulio mbali na bahari, akajifunza kuvua akiwa mtoto wakati wa likizo za pwani. Vita Kuu ya Kwanza ilimleta Afrika Mashariki akiwa askari kijana, akaondoka na malaria na maradhi mengine yaliyomdhoofisha maisha yake yote. Alisomea kemia, akapata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1922, kisha akaajiriwa kufundisha somo hilo katika Chuo cha Rhodes, mjini Grahamstown, ambao leo unaitwa Makhanda.

Kemia ilimpa mshahara, lakini moyo wake ulikuwa baharini. Alikerwa na kuvua samaki asiyemjua jina, na vitabu vya wakati huo havikumtosheleza. Akaanza kuchunguza na kuandika mwenyewe, hata wavuvi na makumbusho wakawa wanampelekea samaki wa ajabu awatambue.

Miongoni mwa waliomwandikia alikuwa Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London. Desemba 22, 1938, mwanamke huyo aliona kati ya samaki walioletwa na meli ya uvuvi Nerine, ya nahodha Hendrik Goosen, samaki mkubwa wa rangi ya samawati, mwenye mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama mithili ya miguu. Alimchora na kumtumia Smith barua. Smith alikuwa likizoni Knysna, barua ikamfikia Januari 3, 1939. Alipofika kumwona samaki mwenyewe mwezi Februari, viungo vya ndani vilikwisha kutupwa, ikabaki ngozi iliyokaushwa. Hata hivyo alimtambua kuwa ni silikanti, akampa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae kwa heshima ya mwanamke huyo.

Ngozi haikumtosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili alisambaza matangazo yenye picha ya samaki huyo, akiahidi zawadi ya pauni 100. Yaliandikwa kwa Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Kiswahili, lugha ya wavuvi wengi wa mwambao aliokuwa akiwategemea, hakikuwamo.

Yeye na mkewe Margaret, aliyekuwa pia mchoraji wa vitabu vyake, walipita Msumbiji, Kenya, Unguja na Pemba wakikusanya samaki wa miambani. Hapa ipo doa ambayo msomaji wa leo hawezi kuipuuza: mara nyingi profesa alitumia baruti, njia ile ile iliyokuja kuharibu matumbawe mengi ya pwani yetu na ambayo sheria za leo zinaipiga marufuku.

Mjini Unguja, Margaret alikuwa akishughulikia maonyesho ya samaki wakati Eric Hunt, nahodha aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro, alipomwendea na kuuliza habari za silikanti. Akapewa matangazo, akayapeleka Komoro. Desemba mwaka huo, meli ya akina Smith ilipopita Unguja ikirudi kusini, Hunt alionana nao tena kabla ya kuondoka.

Siku chache baadaye, usiku wa Desemba 20, Ahamadi Abdallah, mvuvi wa kisiwa cha Anzuani, alimvua silikanti kwa mshipi akiwa ndani ya mtumbwi. Wenyeji walimjua siku zote, walimwita gombesa. Asubuhi, mtu aliyekuwa ameliona tangazo alimzuia asimkate, na samaki akabebwa kuvuka milima hadi alipokuwa Hunt.

Simu ya maandishi ilimkuta Smith Durban mkesha wa Krismasi. Alimwomba ndege Waziri Mkuu D.F. Malan, kiongozi wa chama cha ubaguzi wa rangi, ambaye kwa imani yake ya dini hakuikubali nadharia ya mageuko ya viumbe. Malan alitoa ndege ya jeshi. Smith alipofunuliwa samaki huyo, alipiga magoti na kulia. Alimwita Malania, jina ambalo halikudumu, kwani alikuwa yule yule wa mwaka 1938.

Furaha haikudumu pia. Ufaransa, iliyotawala Komoro, iliwafungia wageni msako huo. Hunt alipotea baharini mwaka 1956, mwaka ambao Smith alitoa kitabu chake Old Fourlegs. Profesa mwenyewe, akiwa amelemewa na afya mbaya, alijiua Januari 1968 akiwa na umri wa miaka 70. Margaret alishika uongozi wa taasisi ya samaki iliyopewa jina la mumewe.

Silikanti walianza kurekodiwa Tanzania Bara mwaka 2003, na wengi wakanaswa Tanga, ambako sasa ipo hifadhi ya bahari yenye jina lao. Julai 2009 wavuvi walimpata mmoja Nungwi, kaskazini mwa Unguja, takriban kilomita 60 tu kutoka mji ambamo Margaret alimkabidhi Hunt matangazo ya kupeleka Komoro.