JAMES CHUMA: KIONGOZI WA MISAFARA NA MTU WA LUGHA

1.0 Utangulizi

Katika maandishi yahusuyo safari za karne ya 19 katika Afrika Mashariki na Kati, wageni walioandika vitabu husimuliwa kwa kirefu. Wenyeji waliowaongoza hutajwa kwa ufupi, na aghalabu kwa sifa moja tu, uaminifu, kana kwamba huo ndio uliokuwa kazi yao. Makala hii inasimulia maisha ya James Chuma, Myao aliyeuongoza msafara wa mwaka 1879 uliopita Uhehe na Ubena hadi kichwa cha Ziwa Nyasa, nchi ambayo leo imo katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya. Hoja yetu ni kwamba Chuma alikuwa mtaalamu wa kazi yake, na nyenzo kuu ya utaalamu huo ilikuwa lugha.

Yafaa kwanza kukumbuka muundo wa msafara wa wakati huo. Wapagazi walibeba mizigo, askari waliilinda, wanyapara walisimamia vikundi, naye kirangozi alitangulia mbele na kuishika njia. Neno hongo, ambalo leo lina maana ya rushwa, lilikuwa ni ushuru wa kupita uliotolewa kwa mtawala wa nchi. Juu ya shughuli hizi zote alikuwapo mkuu wa msafara. Hicho ndicho cheo alichofikia Chuma.

2.0 Utumwa, shule na Livingstone

Chuma alizaliwa karibu na mwaka 1850, katika nchi ya Wayao jirani na Ziwa Nyasa. Alikamatwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto. Mwezi Julai 1861, katika nyanda za Shire, msafara wa watumwa aliokuwamo ulikutana na David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie, na watumwa wakafunguliwa. Chuma akalelewa katika misheni ya Magomero. Mwaka 1864 Livingstone alimchukua yeye na mwenzake, Wikatani, hadi Bombay. Huko wakasoma katika shule ya wamisionari, na mwishoni mwa 1865 Chuma akabatizwa kwa jina la James. Hivyo, kabla ya kutimiza miaka 20, alikuwa amekwisha ishi miongoni mwa watu wa lugha nyingi, na Kiingereza alikipata shuleni.

Mwaka 1866 aliingia bara pamoja na Livingstone kwa njia ya Ruvuma. Miaka saba iliyofuata ndiyo iliyomletea sifa ya mtumishi mwaminifu. Hata hivyo, ushahidi wa miaka hiyo hauafiki picha hiyo moja kwa moja. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, Chuma, Abdullah Susi na wengine waliochoshwa na mwendo walikataa kumfuata. Baadaye mwaka huohuo aliwapokea tena. Kwa hiyo yatupasa kumwona Chuma kama mtu aliyepima mambo na kuamua, wala si kama kivuli cha bwana wake.

Uamuzi mkubwa zaidi ulikuja baada ya kifo cha Livingstone, tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo. Susi, Chuma na wenzao waliamua kuukausha mwili, kuuficha ndani ya mzigo na kuubeba hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Hapakuwa na mgeni aliyewaamuru kufanya hivyo. Livingstone alipozikwa London mwezi Aprili mwaka huo, Chuma na Susi hawakuwapo, kwa kuwa walipelekwa Uingereza baadaye. Huko walimsaidia Horace Waller kuyahariri madaftari ya marehemu kwa kumfafanulia majina na matukio. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kina maarifa yao, ijapokuwa hakina majina yao kama waandishi.

Aliporejea Unguja, Chuma alifanya kazi na misheni ya UMCA. Mwaka 1875 alikuwa kiongozi wa msafara wa Askofu Edward Steere, yule mwanasarufi wa Kiswahili, hadi Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao.

3.0 Kuvuka Nyanda za Juu

Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma Keith Johnston kutafuta njia kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa. Chuma aliajiriwa kuwa mkuu wa msafara, na katika kuwapata wapagazi mkono wake ulikuwa mkubwa. Waliondoka mwezi Mei, wakiwa watu wapatao 150. Tarehe 28 Juni Johnston alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu huko Behobeho, mahali palipo sasa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hajapata kuongoza safari yoyote. Msafara ulikuwa na kila sababu ya kuvunjika.

Haukuvunjika. Ulipita Mahenge, ukapanda Uhehe, ukavuka Ubena na kuteremka hadi kichwa cha Ziwa Nyasa mwezi Septemba. Kisha ulikata nyanda zilizo kati ya maziwa mawili, na mwanzoni mwa Novemba ukalifikia Ziwa Tanganyika. Wakati huo dola ya Wahehe iliyojengwa na Munyigumba, babaye Mkwawa, ilikuwa katika vita na majirani zake, hasa Wasangu na Wangoni. Kundi kubwa la watu wageni lingeweza kudhaniwa kuwa jeshi.

Hapa ndipo lilipo jambo la kuzingatiwa. Katika safari zake zinazojulikana, Chuma hakuwa amepata kupita nchi hizo. Njia yenyewe hakuijua. Alichokijua ni namna ya kuuliza njia. Kiyao ni ndugu wa mbali wa Kihehe, Kibena na Kinyakyusa, lakini udugu huo hautoshi kuleta maelewano. Kilichohitajika ni Kiswahili, ambacho misafara ya biashara ilikwisha kukieneza bara, pamoja na adabu ya kuzungumza na watawala: kusalimu, kusifu, kutoa zawadi na kujadili hongo bila kumvunjia mtu heshima. Thomson mwenyewe alikiri umahiri wa Chuma katika lugha na ufasaha wake mbele ya watawala, na akaeleza kuwa msafara ulirejea pwani Julai 1880 bila kumfyatulia mtu risasi kwa uadui, na baada ya kufiwa na mpagazi mmoja tu.

4.0 Hitimisho

Mwaka 1881 Chuma alimwongoza tena Thomson, safari hii kwenda Ruvuma kutafuta makaa ya mawe kwa niaba ya Sultani Barghash. Alifariki Unguja mwezi Septemba 1882 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Thomson alipojiandaa kwenda Umasaini mwaka uliofuata, ilimlazimu kutafuta kiongozi mwingine.

Leo vijana wanaowaongoza wageni katika hifadhi za Ruaha na Kitulo, au kuwapandisha Mlima Rungwe, wanafanya kazi yenye asili ndefu katika eneo hili. Mafunzo yao huzingatia wanyama, mimea na lugha za wageni. Maisha ya Chuma yanaonyesha kwamba lugha ya mwenyeji wa njia nayo ni sehemu ya utaalamu huo. Kwa upande wa watafiti, yanadai kwamba tunapozisoma habari za wasafiri tujiulize kila mara ni nani aliyeuliza swali, kwa lugha gani, na ni nani aliyemfasiria mwandishi jibu alilolichapisha kama maarifa yake.