Msiri wa Bunkeya: tabia moja, miisho miwili

Lufira, mto uleule unaozungusha mitambo ya umeme ya Koni, ulipita katika milki ya Msiri. Ngelengwa, kwa jina lake jingine, alikuwa Msumbwa kutoka Unyamwezi, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba. Alihamia Katanga mnamo 1856 hivi, akatawala kwa bunduki na pia kwa ndoa: alioa mabinti wa machifu, akapata wakwe wa kumtegemea.

Hakuwa mtu wa kuinama. Mwaka 1890 alikataa mkataba wa Mwingereza Alfred Sharpe. Lakini uzeeni ukali wake uliwachosha raia, na mwaka 1891 Wasanga wakaasi. Tarehe 20 Desemba mwaka huo alikataa tena, safari hii bendera ya Leopold II. Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs, akamuua kwa risasi.

Naona tabia yake haikubadilika. Waliomuunga mkono ndio waliopungua. Neno la kiongozi lina uzito wa watu walio nyuma yake. Nami nisomaye lugha nauona ushahidi mwingine: Kiyeke cha baraza lake kimedidimia, na Wayeke wengi leo husema Kisanga, lugha ya walioasi.