Alan Turing: Gwiji wa tarakilishi aliyefungiwa mlango na nchi aliyoitumikia

MWANAFUNZI anayeishi Embulbul, kando ya barabara ya kutoka Nairobi kwenda Ngong, hahitaji kuabiri matatu usiku ili akatumie tarakilishi kubwa za utafiti. Hufungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akachapa jina lake na anwani ya mashine iliyo mbali, kisha akathibitisha kwa neno la siri kwamba ni yeye. Punde si punde, amri zake hutekelezwa na kundi la tarakilishi zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja. Taasisi ya ILRI jijini Nairobi ni miongoni mwa zile ambazo zimekuwa na kundi la namna hiyo kwa ajili ya utafiti wa jeni.

Ili jambo hilo liwezekane, sharti mambo matatu yatimie. Amri isafiri mbali, siri isivuje njiani, na anayebisha hodi awe na ruhusa ya kuingia. Mambo hayo hayo ndiyo yaliyotawala maisha ya Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1954. La kwanza aliliona mapema, la pili alilitumikia vitani, na la tatu alinyang'anywa.

Turing alizaliwa jijini London mnamo Juni 23, 1912. Babake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India. Kwa sababu hiyo, Alan na kakake John waliachwa Uingereza walelewe na familia nyingine katika mji wa St Leonards-on-Sea. Tangu utotoni, basi, alijua maana ya kuwa mbali na wale anaotaka kuzungumza nao.

Mwaka wa 1926 alipotakiwa kujiunga na shule ya bweni ya Sherborne, mgomo wa kitaifa ulikuwa umesimamisha usafiri wa garimoshi. Kijana huyo wa miaka 13 alipanda baiskeli yake akaenda takriban kilomita 100, akilala njiani, hadi akafika shuleni. Huko alipata rafiki wa dhati, Christopher Morcom, aliyependa sayansi kama yeye. Morcom aliaga dunia mwaka wa 1930, na msiba huo ulimwachia Turing swali lililomsumbua kwa muda mrefu: je, akili ya mtu yaweza kuwepo pasipo mwili wake?

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1931. Miaka mitano baadaye, akiwa na umri wa miaka 24 pekee, alichapisha makala yaliyoweka msingi wa taaluma ya tarakilishi. Ndani yake alieleza mashine ya kufikirika inayosoma na kuandika alama kwenye utepe, akaonyesha kwamba mashine moja yaweza kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote, mradi ipewe maagizo yanayofaa. Alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka wa 1938, kisha akarejea nyumbani.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Turing aliripoti Bletchley Park mnamo Septemba 4, 1939. Hapo ndipo Uingereza ilipokusanya wataalamu wa kufumbua jumbe za siri za adui. Akitumia msingi uliowekwa na wanahisabati wa Poland, alibuni mashine iliyoitwa Bombe, ambayo Gordon Welchman aliiboresha, ili kufichua mipangilio ya Enigma, mtambo ambao Wajerumani waliutumia kuficha mawasiliano yao. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kufumbua jumbe za wanamaji wa Ujerumani, ambao nyambizi zao zilikuwa zikizamisha meli za chakula na silaha katika Bahari ya Atlantiki.

Kazi ya Bletchley Park ilikuwa na matawi ng'ambo, na tawi moja lilifika pwani ya Kenya. Mwaka wa 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo, kitengo cha wanamaji wa Uingereza cha kunasa mawasiliano kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, kikatwaa majengo ya shule ya Allidina Visram yanayotazama Bahari ya Hindi. Turing hakuwa miongoni mwao. Hata hivyo, wataalamu hao walipambana na tatizo lile lile la umbali, kwani mawimbi ya redio ya Wajapani yalifika Mombasa yakiwa hafifu. Pamoja na hayo, walifaulu kufumbua msimbo uliotumiwa na meli za mizigo za Japani, kabla ya kitengo hicho kurejea Colombo mwaka wa 1943.

Mwishoni mwa vita, Turing alihamia Hanslope Park, akaunda kifaa alichokiita Delilah cha kuficha sauti ya mtu anayezungumza, ili anayedukua asiambulie chochote. Mnamo Oktoba 1945 aliajiriwa na maabara ya taifa ya fizikia iliyoko Teddington, akachora ramani ya tarakilishi iliyoitwa ACE.

Ilikuwa katika kuieleza mashine hiyo ndipo alipotoa wazo linalomhusu moja kwa moja yule mwanafunzi wa Embulbul. Mnamo Februari 20, 1947, akihutubia Chama cha Wanahisabati cha London, alisema kuwa yawezekana kabisa kuiamuru tarakilishi iliyo mbali kwa kutumia waya wa simu, na kwamba vifaa vya kituo cha mbali havingezidi gharama ya pauni mia chache. Kweli, Mmarekani George Stibitz alikuwa tayari amefanya jaribio mnamo Septemba 1940, alipotuma hesabu kwa teleprinta kutoka Hanover hadi kwenye mashine iliyokuwa New York. Lakini mashine ya Stibitz ilikuwa ya hesabu maalumu tu. Turing alizungumzia tarakilishi inayoweza kupewa kazi ya aina yoyote.

Alihamia Chuo Kikuu cha Manchester mwaka wa 1948. Miaka miwili baadaye alichapisha makala mashuhuri kuhusu iwapo mashine zaweza kufikiri. Alipendekeza mtahini akae katika chumba kimoja, naye mtahiniwa, awe binadamu au mashine, akae katika kingine. Wangewasiliana kwa maandishi ya kuchapwa, ikiwezekana kwa teleprinta, ili sura na sauti visimpotoshe mtahini.

Nchi yake haikumpima kwa kipimo hicho. Mnamo Januari 1952, nyumba yake ilivunjwa na wezi. Alipiga ripoti kwa polisi, na katika mahojiano akakiri kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza wakati huo. Mnamo Machi alipatikana na hatia. Ili asitupwe gerezani, alikubali kutiwa dawa za homoni kwa muda wa mwaka mmoja. Chuo kilimhifadhia kazi yake, lakini serikali ilimpokonya kibali cha kushiriki shughuli zake za siri, ambazo alikuwa angali akizitolea ushauri. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Turing alicheza kwao, asitunzwe.

Alifariki nyumbani kwake Wilmslow mnamo Juni 7, 1954, akiwa na umri wa miaka 41, kutokana na sumu ya sianidi. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua, ingawa mamake, Sara, alishikilia kuwa ilikuwa ajali ya majaribio yake ya kemia.

Alichokiona kilitimia baada yake. Mnamo Oktoba 29, 1969, tarakilishi ya chuo kikuu mjini Los Angeles ilijaribu kuingia katika nyingine iliyokuwa karibu na Stanford. Herufi mbili zilifika, kisha mtambo ukakwama, ukafaulu baadaye siku hiyo. Mwaka wa 1995, Tatu Ylönen wa Finland alibuni SSH, programu inayoficha kila kinachochapwa kati ya mtumiaji na mashine ya mbali. Hapo amri ya mbali na ulinzi wa siri, kazi mbili za maisha ya Turing, ziliunganishwa.

Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka wa 2009 kupitia Waziri Mkuu Gordon Brown. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka wa 2013, na mwaka wa 2021 picha yake ikachapishwa kwenye noti ya pauni 50. Heshima hizo zilimkuta kaburini. Mashine anayoibishia hodi mwanafunzi wa Embulbul hutaka kujua tu iwapo jina na neno la siri ni sahihi. Turing alikuwa na yote mawili, na bado alifungiwa mlango.