Schrödinger: Msee Aliyemfungia Paka Kwa Boksi, na Paka Mwenyewe Hakuwepo

Bila shaka ushaona zile meme za paka ambaye yuko hai na amekufa wakati huo huo. Kila mtu anacheka, lakini wachache wanajua stori. Aliyeleta huyo paka ni Erwin Schrödinger, na kumbe hata yeye alikuwa anacheka!

Erwin alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 12 Agosti 1887, mtoto wa pekee kwao. Akasomea fizikia hapo hapo mjini, akapata udaktari mwaka wa 1910, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikamfanya afisa wa mizinga.

Fame ilimchelewa. Wenzake waliwika wakiwa vijana wadogo, lakini yeye alifika miaka 38 akiwa bado ni prof wa kawaida tu Zurich, Uswisi, tena na mapafu mabovu. Krismasi ya 1925 akahepa kwenda milimani Arosa. Mkewe Anny aliachwa nyumbani. Aliyeenda naye ni mrembo wa kitambo ambaye hadi leo hajulikani ni nani. Akarudi na kitu cha maana: mlinganyo unaoichukulia elektroni kama wimbi. Aliuchapisha 1926, na 1933 ukampa Nobel, akigawana na Paul Dirac.

Shida ni kwamba hesabu yake ilikubali chembe iwe katika hali mbili kwa pamoja. Hiyo ndiyo wanaita superposisheni. Unadhani ni maneno tu? Tucheze game kidogo.

Weka sarafu chini ya kikombe, kichwa kikiwa juu. Tikisa. Sasa ni kichwa ama mkia, nusu kwa nusu. Tikisa tena bila kuchungulia. Bado nusu kwa nusu, si ndio? Sarafu ilikuwa na upande wake muda wote, ni wewe tu hukujua.

Sasa badala ya sarafu tumia chembe moja ya mwanga, na badala ya kutikisa, ipitishe kwenye kioo kinachopenyeza nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Ukipitisha mara moja kisha ucheki, ni nusu kwa nusu, kama sarafu tu. Lakini panga vioo viwili vizuri, pitisha mara mbili bila kuchungulia katikati, na matokeo yanakuwa yale yale kila wakati. Ni kama sarafu imerudi kichwa bila kukosea hata mara moja! Ukichungulia katikati, mambo yanarudi nusu kwa nusu.

Yaani, kama chembe ingekuwa imeshachagua njia moja kimyakimya baada ya kioo cha kwanza, kioo cha pili kingeivuruga tena. Haikuwa imechagua. Hiyo ndiyo noma yenyewe.

Mwaka wa 1935 Schrödinger alikuwa Oxford. Alikuwa ameondoka Berlin 1933 kwa sababu hakutaka kuishi chini ya Wanazi. Akiwa anaandikiana barua na Albert Einstein, akatunga kisa: paka kwenye boksi na atomu inayoweza kupasuka ama kukaa. Ikipasuka, nyundo inavunja chupa ya sumu. Kabla ya kufungua boksi, atomu iko hali zote mbili, kwa hivyo na paka je? Alitaka watu waone upuuzi wa kuchukua sheria za atomu na kuzibandika kwa vitu vikubwa. Hakuna paka aliyeumia.

Mwaka uliofuata akarudi Austria, na 1938 Hitler akaimeza nchi. Schrödinger akaandika barua ya kuusifu utawala mpya, akitumaini kuokoa kazi yake. Wakamfuta hata hivyo. Akatoroka na mizigo michache, na baadaye akaijutia sana ile barua. Kiongozi wa Ireland, Éamon de Valera, akamkaribisha Dublin, ambako alikaa miaka 17.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa ya kawaida: aliishi na Anny pamoja na mpenzi wake Hilde, aliyemzalia binti. Hiyo ilizua minong'ono tu. Lililo zito zaidi ni madai kwamba aliwanyemelea wasichana wadogo, na ndiyo maana 2022 Trinity College Dublin ilitoa jina lake kwenye ukumbi wa mihadhara.

Alifariki Vienna tarehe 4 Januari 1961, kifua kikuu kikiwa kimemmaliza, akazikwa kijiji cha Alpbach. Mlinganyo wake uko kwenye kaburi.

Leo kompyuta za kwantamu zinategemea hiyo superposisheni iliyomsumbua. Lakini swali lake bado halijapata jibu ambalo wanasayansi wote wanakubali: atomu inaishia wapi, na paka anaanzia wapi?