Gilbert Lewis: Gwiji wa kemia aliyezikwa bila Tuzo ya Nobel

WANAFUNZI wa kemia katika shule za upili huchora vitone kandokando ya alama za elementi, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba mtindo huo ulibuniwa na Gilbert Newton Lewis, msomi wa Marekani aliyependekezwa kutuzwa Nobel zaidi ya mara 40 asiipate.

Lewis alizaliwa Oktoba 23, 1875 huko Weymouth, jimbo la Massachusetts, na kulelewa Nebraska, ambako wazazi wake walimsomesha nyumbani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Nebraska kabla ya kuhamia Harvard, alikopata shahada ya uzamifu mnamo 1899 akiwa na umri wa miaka 23 pekee. Baadaye alielekea Ujerumani kusoma chini ya Wilhelm Ostwald na Walther Nernst.

Wakati huo, jedwali la elementi lililotolewa na Mrusi Dmitri Mendeleev mnamo 1869 lilikuwa na fumbo kubwa. Ilijulikana kwamba elementi za kundi moja hufanana kitabia, ila sababu haikujulikana.

Mnamo 1902, miaka mitano tu baada ya elektroni kugunduliwa, Lewis alikuwa akifundisha Harvard alipochora michemraba na kuweka elektroni kwenye pembe zake. Kwa kuwa mchemraba una pembe nane, alikisia kuwa kila elementi huongeza elektroni moja hadi pembe zote zijae, kisha mchemraba mpya huanza.

Hata hivyo, aliuficha mchoro huo kwa miaka 14. Mnamo 1904 alikwenda Ufilipino kusimamia ofisi ya mizani na vipimo mjini Manila, akarejea Marekani mwaka uliofuata, na mnamo 1912 akaiongoza idara ya kemia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Hatimaye, mnamo 1916, alichapisha nadharia yake. Alieleza kuwa tabia ya elementi hutegemea elektroni za tabaka la nje kabisa, ziitwazo elektroni za valensi. Sodiamu na potasiamu, kwa mfano, zina elektroni moja ya nje kila moja. Ndiyo sababu zimo katika kundi la kwanza na zote humenyuka vikali zikitiwa majini.

Magnesiamu ina mbili, nayo imo katika kundi la pili. Klorini ina saba, hivyo imo katika kundi la saba na hupungukiwa na moja tu kutimiza nane. Sodiamu inapoipa klorini elektroni hiyo, chumvi ya mezani hupatikana. Kanuni hiyo haizitawali metali za katikati ya jedwali, kama vile chuma na shaba.

Aidha, Lewis alifafanua kuwa atomi mbili zaweza kushirikiana jozi ya elektroni na kuungana.

Kuanzia 1919, mwanakemia Irving Langmuir aliipanua nadharia hiyo na kuieneza kwa ufasaha mkubwa, hata baadhi ya watu wakaiona kuwa yake. Jambo hilo lilimuuma Lewis. Langmuir alipata Nobel mnamo 1932, japo kwa utafiti mwingine.

Mnamo 1933, Lewis alifaulu kupata maji mazito yaliyo safi. Mwaka uliofuata, Nobel ilimwendea Harold Urey, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, kwa kugundua hidrojeni nzito. William Giauque na Glenn Seaborg, waliosomea Berkeley enzi zake, pia walituzwa baadaye.

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete, lakini chanda cha Lewis kilibaki kitupu huku kikiwavisha wengine.

Mnamo Machi 23, 1946, alikutwa amefariki katika maabara yake Berkeley, alikokuwa akifanya jaribio lililohusisha sianidi ya hidrojeni, kemikali yenye sumu kali. Ilielezwa kuwa alipatwa na maradhi ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Michemraba yake iliachwa baada ya wanasayansi kuielewa atomi vyema zaidi. Vitone vyake, kwa upande mwingine, vingali vinachorwa darasani, na anayevihesabu hutambua mara moja kundi la sodiamu, magnesiamu au klorini.