Herode: Alijenga Hekalu, Akabomoa Nyumba Yake



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wetu alinisimamisha mlangoni akaniuliza ujenzi umefika wapi. Nilimjibu bila kufungua kitabu: msingi tumelipa, ukuta umepita madirisha, mabati bado. Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia utumishi, ndiyo maana kamati ilinipa mimi hesabu za mradi. Akaniuliza tena: na watu je, wamefika wapi? Hapo nilinyamaza.

Nilienda nyumbani na swali hilo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma maisha ya mtu aliyejenga nyumba ya Mungu kwa ukubwa ambao sisi hatuwezi hata kuuota. Simaanishi Sulemani. Namaanisha Herode.

Wengi wetu tunakutana na Herode wakati wa Krismasi pekee, katika Mathayo sura ya 2, akitafuta kumwua mtoto Yesu. Wengine tunamchanganya na mwanawe, Herode Antipa, yule aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji. Leo nazungumza juu ya baba, yule anayeitwa Herode Mkuu. Mengi tunayoyajua juu yake yaliandikwa na Josephus, Myahudi aliyeishi wakati wa mitume.

Herode hakuwa mtoto wa Yerusalemu. Ukoo wake ulitoka Idumea, nchi ya watu wa Edomu, ambao walikuwa wameingizwa katika dini ya Kiyahudi vizazi vichache tu nyuma. Mama yake alikuwa Mwarabu. Baba yake, Antipater, alikuwa mtu wa siasa aliyejua kukaa vizuri na Warumi, na mwaka 47 K.K. alimpa kijana wake utawala wa Galilaya. Lakini kwa wenye mji, Herode alibaki mgeni. Kidonda hicho hakikupona maisha yake yote.

Mwaka 40 K.K. Waparthi walivamia nchi na kumweka mfalme wao Yerusalemu. Herode alitoroka usiku na jamaa yake, akawaficha katika ngome ya Masada, kisha akasafiri mpaka Roma. Huko Baraza la Seneti likamtangaza kuwa mfalme wa Wayahudi. Ebu fikiria: ana cheo, lakini hana nchi! Ilimchukua miaka mitatu ya vita. Mwaka 37 K.K. aliuteka mji kwa msaada wa majeshi ya Roma, na askari walipoanza kupora aliwalipa kutoka mfukoni mwake ili wasimwachie mahame.

Ndugu zangu, kwa upande wa uongozi mtu huyu alikuwa na kichwa. Rafiki yake mkubwa, Mark Antony, aliposhindwa vitani mwaka 31 K.K., kila mtu alijua Herode amekwisha. Yeye alimwendea mshindi, Octavian, kule kisiwa cha Rodo, akavua taji lake kabla ya kuingia. Hakukana urafiki wake na Antony. Alimwomba Octavian aangalie jinsi alivyo mwaminifu kwa rafiki, si rafiki huyo ni nani. Alitoka akiwa bado mfalme. Octavian ndiye Kaisari Augusto tunayemsoma katika Luka 2.

Njaa ilipoingia, karibu mwaka 25 K.K., Herode alitoa vyombo vya dhahabu na fedha kutoka ikulu yake, vikageuzwa pesa, akanunua nafaka Misri na kulisha watu. Wazee wasioweza kujipikia aliwapa mikate iliyo tayari. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu anaweza kufanya mema makubwa na bado apotee.

Kisha akajenga. Alijenga bandari ya Kaisaria, ngome na majumba. Karibu mwaka 20 K.K. akaanza hekalu. Watu waliogopa kwamba atabomoa la zamani kisha pesa zimwishie. Akawaahidi hatagusa jiwe kabla vifaa vyote havijafika. Josephus anasema aliandaa mikokoteni 1,000, mafundi 10,000, na makuhani 1,000 waliofundishwa uashi, ili sehemu takatifu isijengwe na mtu asiyeruhusiwa kuingia. Patakatifu palikamilika kwa mwaka mmoja na nusu. Aliupanua uwanja wa hekalu mpaka ukafika karibu eka 35. Kuna jiwe moja katika ukuta wake lenye urefu wa zaidi ya mita 13, na liko pale mpaka leo. Kama mtu wa miradi, nakiri nilisoma sehemu hiyo mara mbili.

Lakini kuna daftari lingine. Herode alimwoa Mariamne, binti wa ukoo wa wafalme wa zamani, na inasemekana alimpenda sana. Mdogo wake Mariamne alikuwa kuhani mkuu kijana, na watu walimshangilia. Herode akaamuru azamishwe katika bwawa la kuogelea kule Yeriko, kisha akamfanyia mazishi makubwa. Mwaka 29 K.K. akamwua Mariamne mwenyewe kwa tuhuma, na baadaye mama yake. Mwaka 7 K.K. akawanyonga wanawe wawili aliozaa na Mariamne. Mwana wa tatu alimwua siku tano tu kabla ya yeye mwenyewe kufa, mwaka 4 K.K.

Hata kitandani, akiwa mgonjwa vibaya, aliwafungia wakuu wa Wayahudi uwanjani Yeriko na kuagiza wauawe akifa, ili siku hiyo kuwe na machozi. Alijua hakuna atakayemlilia. Dada yake aliwaachilia.

Ujenzi uliendelea miaka mingi baada yake. Ulikamilika muda mfupi tu kabla ya mwaka 70 B.K., wakati Warumi chini ya Titus walipolichoma hekalu. Uwanja ule ukabaki, na watu wameugombania tangu hapo. Waislamu waliuchukua mji katika karne ya 7 na kujenga Kuba ya Mwamba juu yake. Wapiganaji wa msalaba walimwaga damu huko mwaka 1099, nao walikuwa wakiitwa Wakristo. Salahuddin aliuchukua mwaka 1187, Waingereza mwaka 1917, ukagawanywa 1948, na Israeli ikateka upande wa mashariki 1967. Leo Wayahudi wanaomba chini kwenye ukuta wa Herode, Waislamu wanaswali juu, na askari wako katikati.

Sasa angalia Marko 12 na 13. Bwana Yesu ameketi katika hekalu hilo hilo, mbele ya sanduku la sadaka. Wanafunzi walipotoka walishangaa mawe. Yeye alikuwa amemwona mjane.

Hapo ndipo niliposhikwa. Mwezi uliopita nilipiga simu kwa waliobaki nyuma na ahadi zao za ujenzi. Dada mmoja aliniambia kibanda chake cha biashara kimefungwa na watoto wametumwa nyumbani kwa karo. Nikamjibu ahadi ni ahadi. Tangu siku hiyo sijamwona ibadani, na la kuumiza ni kwamba sikugundua mpaka mzee aliponiuliza lile swali. Kwangu alikuwa amegeuka kuwa deni, laini moja kwenye kitabu.

Jumanne mimi na mke wangu tulienda kwake. Sikubeba daftari. Nilimwomba msamaha. Alitupikia chai, lakini hajaniambia kama atarudi, na sikumshinikiza.

Nimezungumza na mchungaji wetu mkuu, na tumekubaliana: hatutasoma tena majina ya wenye ahadi mbele ya kanisa. Ambaye hali yake imebadilika aje tu, jina litafutwa bila maswali. Mabati yatachelewa. Wacha yachelewe.

Wiki hii, kabla ya kuuliza ujenzi umefika wapi, muulize Mungu akuonyeshe mtu mmoja ambaye hukuona Jumapili. Mpigie simu, na usitaje pesa. Halafu mniombee na mimi, nijifunze kuhesabu vizuri. Mungu awabariki.